Begi Kilo Saba, Mwili Bure: Historia ya Mzani Unaotuaibisha kwa Kaunta

Hii ni ndefu kidogo. Kama uko kwa matatu ya Kondele na jam imekataa kusonga, uko mahali pazuri kabisa. Soma.

Juzi nilikuwa naenda Nairobi kwa ndege. Usiniangalie hivyo, tiketi ililipwa na mteja aliyetaka nimpigie video. Siku mbili kabla ya safari nilikuwa kisiwani Mfangano kwa Dani, mama yake baba, na mnajua Dani wa kisiwani hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Nikapewa omena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, so Dani akaifunga kwa gazeti, juu ya gazeti leso, juu ya leso gazeti lingine. Akaniambia, "Nyakwara, hii hata askari hawezi kunusa."

Askari hakunusa. Mzani ndio ulinusa.

Kwa kaunta dada akaniambia, "Kaka, weka begi hapo juu."

"Si hili ni la mkononi tu, dada?"

"Ndio, hata la mkononi."

Kilo 10.4. Ruhusa ni 7. Nikaambiwa nilipe au nipunguze. Sasa nipunguze nini? Kamera ndiyo kazi yangu. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda chini na mizigo, ni sheria ya usalama ya ndege duniani kote, lazima zikae na wewe ndani. Na omena ya Dani siachi kaunta hata kwa bunduki.

Nikafanya kile wote mmefanya. Nikavaa jaketi mbili. Kamera mfuko wa kushoto, lenzi mfuko wa kulia, betri kwa suruali, chaja kifuani kama bastola. Nikarudisha begi kwa mzani: 6.9. Dada akatabasamu, akanipa pasi ya kupanda ndege. Nyuma yangu alikuja mzee mmoja wa suti, begi la magurudumu mkono huu, la laptopu mkono ule. "Karibu mheshimiwa." Mzani haukumuona kabisa. Shirika sitalitaja, na sio lazima, kwa sababu nina hakika hii stori imekupata wewe pia mahali pengine.

Nilipokaa kwa kiti, nimejaa vifaa kama fundi wa stima, kitu kimoja kilinigonga. Ndege ilikuwa imebeba kilo zilezile. Hakuna hata gramu iliyobaki chini. Nilichofanya ni kutoa uzito kwa begi na kuuweka kwa mwili, na mwili haupimwi. Kwani huo mzani ulikuwa unapima nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini sikuacha kusoma. Nilipofika Nairobi nikaanza kuchimba. Nikagundua stori ya mzani wa ndege imepitia hapa kwetu, hapa Kisumu, na mwanzoni haikuwa hivi.

FRASILA MBILI

Tuanze kabla ya ndege. Karne ya 19, mzigo wowote uliotoka pwani kuja bara ulikuja kichwani au begani mwa mtu. Wapagazi. Hakukuwa na gari, na punda na ng'ombe walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. So kipimo cha biashara yote ya Afrika Mashariki kikawa ni shingo ya binadamu. Walipima kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Pembe za ndovu, shanga, nguo za marekani, kila kitu kilifungwa kufikia hapo.

Sasa sikia hii. Juu ya huo mzigo wa tajiri, mpagazi alibeba vitu vyake mwenyewe: mkeka, sufuria au chungu, chakula cha njiani. Hivyo havikuhesabiwa. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo begi la mkononi la kwanza la Afrika Mashariki. Mzigo wa tajiri ulipimwa kwa uangalifu kwa sababu ulikuwa pesa. Mzigo wa mtu mdogo haukupimwa kwa sababu shingo iliyoumia haikuwa ya aliyeandika hesabu.

Hata meli ilipita kwa kipimo hicho. William Mackinnon, stima ya mapema ya ziwa letu, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikaletwa mpaka hapa, ikaunganishwa tena na kuingia majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilikuwa bado haijafika. Ilifika Desemba 1901, wakati huu mji ukiitwa Port Florence. Vipande vya stima vilitembea kwa miguu ya watu. Ukipita pale bandarini, kumbuka kuna meli iliyokuja Kisumu ikiwa mizigo ya kichwa.

KISUMU, 1931: UNAPIMWA WEWE NA BEGI LAKO

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, mpaka Mwanza. Ilikuwa safari ya kubadilisha vyombo kama mtu anayetoka Kisumu kwenda Lodwar: ndege hii, ndege ile, kipande cha treni huko Misri, halafu kutoka Khartoum unaingia ndege ya majini aina ya Short Calcutta. Injini tatu, tumbo la chuma kama mashua, nafasi ya abiria 15. Hiyo ndiyo iliyotua kwenye ghuba yetu ya Winam, wakati ule ikiitwa Kavirondo. Kisumu ikawa kituo cha kubadilisha ndege. Nairobi ilihudumiwa na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake liko hadi leo kwa uwanja wa Wilson.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, zile za Empire, kutoka Southampton mpaka Durban. Kisumu ilikuwa ndani ya ratiba. Manze, kuna wakati ungeweza kusimama ufukweni, uone ndege ya London inagusa maji karibu na mitumbwi ya wavuvi. Watoto wa Dunga waliona hiyo kitu.

Na hapa ndio mzani unaingia. Abiria wa enzi hizo alipanda kwa mzani yeye mwenyewe. Sio begi peke yake. Bwana na kofia yake, bibi na gauni lake, wote juu ya mzani pamoja na mizigo. Kwenye zile safari za mbali hesabu ya kawaida ilikuwa kilo 100 kwa kila abiria, mwili ukiwemo. Ukiwa na kilo 65, una nafasi ya kilo 35 za mizigo. Ukiwa bwana mkubwa wa kilo 90, umebaki na kilo 10, jipange.

Mbona walikuwa wakali hivyo? Kwa sababu walilazimika, na sababu nyingine zilikuwa hapa hapa kwetu.

Ya kwanza, ziwa letu liko juu. Maji ya Victoria yako kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukienda juu hewa inakuwa nyepesi, na jua la mchana likiipasha inakuwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi inanyima injini nguvu na inanyima bawa kitu cha kushikilia. Ndege iliyoruka vizuri Southampton na mzigo fulani inaweza kukataa kuinuka Kisumu na mzigo uleule.

Ya pili, maji. Ziwa likitulia kama kioo, ni picha nzuri ya kuweka mtandaoni lakini ni shida kwa ndege ya majini. Maji laini yanang'ang'ania tumbo la ndege. Rubani anahitaji mawimbi madogo ya kumwachilia. Kila kilo ya ziada inamrefushia huo mwendo.

Ya tatu, barua. Mteja mkubwa wa njia hizi alikuwa barua za serikali na biashara, na barua zinalipiwa kwa uzito. Kwa hiyo kila kilo ya suti yako ilikuwa inapigania nafasi na kilo ya barua.

Simaanishi enzi hizo zilikuwa nzuri. Waliopimwa walikuwa maofisa wa kikoloni na matajiri. Watu wetu walikuwa upande ule mwingine wa mzani, wale wanaobeba. Lakini ndani ya ile ndege, sheria ilikuwa na kitu kimoja ambacho leo hatuna: ilipima kila kitu kinachoinuliwa, na ilipima kila mtu. Mwenye cheo alipanda mzani kama mwenzake. Jaketi mbili zisingekusaidia. Betri kwa suruali zisingekusaidia. Fizikia haina mheshimiwa.

KILO 20 NA KARATASI YA WARSAW

Sasa ilikuwaje mwili ukashuka kwa mzani na begi likabaki juu?

Sehemu ya jibu ni sheria. Tarehe 12 Oktoba 1929 nchi kadhaa zilitia sahihi Mkataba wa Warsaw kuhusu usafiri wa ndege wa kimataifa. Ndani yake mizigo iligawanywa mara mbili. Kuna mzigo uliosajiliwa, ambao shirika linachukua na kukupa tiketi yake. Na kuna vitu ambavyo abiria anakaa navyo mwenyewe. Ule wa kwanza ukipotea, fidia ilikuwa mpaka faranga 250 kwa kila kilo. Vile vya pili, mpaka faranga 5,000 kwa abiria, bila kuuliza kilo. Umeona? Begi la mkononi lilizaliwa kisheria kama kitu cha mtu, sio kitu cha uzito. Kama mkeka wa mpagazi.

Sehemu nyingine ni ukubwa wa ndege. BOAC, warithi wa Imperial, waliacha ndege za majini mwaka 1950. Ndege za nchi kavu zilikuwa kubwa, zikabeba watu wengi, na ukishakuwa na watu wengi huhitaji kumpima kila mmoja. Unatumia wastani. Mnene na mwembamba wanafidiana, unaandika namba moja kwa wote, unaendelea. Mashirika yalikuwa yameungana chini ya IATA, iliyoundwa Havana mwezi Aprili 1945, na kwa miaka mingi namba iliyozoeleka ikawa kilo 20 kwa daraja la kawaida na 30 kwa daraja la kwanza.

Hapo angalia vizuri. Kilo 30 za daraja la kwanza haziinuliwi na fizikia tofauti. Ni ndege moja, hewa moja. Hiyo tofauti ya kilo 10 ni pesa. Mzani ulikuwa umeanza kujifunza cheo.

Huo ndio wakati watu wetu walianza kupanda ndege kama abiria. Septemba 1959, ndege ya kukodi iliyopangwa na Tom Mboya, yule ambaye kaburi lake liko Rusinga, iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Fikiria kuchagua nini kiingie kwa sanduku la kukaa miaka ng'ambo. Na nina hakika kuna mama alijaribu kuongeza kitu.

RAFU YA KOFIA

Na ndani ya ndege, juu ya kichwa chako, je? Pale palikuwa na rafu wazi tu, ya kofia na makoti. Kitu kizito hakikuruhusiwa pale kwa sababu kingekuangukia ndege ikitikisika. Makabati yenye milango tunayopigania leo yalikuja na ndege pana kama Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria Januari 1970. Wakishaweka mlango, watu wakaanza kuweka mabegi. Ukimpa binadamu kabati, atalijaza. Uliza mtu yeyote aliyewahi kukaa hosteli.

Hata hivyo kwa miaka mingi hakukuwa na vita. Begi kubwa lilienda chini bure, ndani ya zile kilo 20. Kwa nini ujisumbue kulibeba?

Vita vilianza 2008. Mafuta yalikuwa yamepanda bei vibaya. Mwezi Mei, American Airlines ikatangaza kwamba hata begi la kwanza la kwenda chini litalipiwa, dola 15. Wengine wakafuata haraka. Sasa piga hesabu kama abiria: chini ni pesa, juu ni bure. Utaweka wapi? Kila mtu akaweka juu. Makabati yakajaa, foleni zikawa ndefu, na 2010 shirika la Spirit likaanza kulipisha hata begi la kabati.

Yaani walilipisha mlango wa chini, tukahamia mlango wa juu, wakalipisha na mlango wa juu.

Mtindo huo wa tiketi ya bei ya chini na mzigo kulipiwa kando ulifika na kwetu. Jambojet ilianza kuruka Aprili 2014, na Kisumu ilikuwa kati ya safari zake za mwanzo. Sitawadanganya: hiyo ndiyo sababu mtu kama mimi anapanda ndege. Bila tiketi tupu, ningekuwa kwa basi la usiku. Kwa hiyo sichukii huo mtindo. Ninachotaka ni tuelewe kwamba kilo 7 ya leo si ile kilo 100 ya 1931. Ya 1931 ilikuwa inauliza, "Tutainuka?" Ya leo mara nyingi inauliza, "Utalipa?"

Hata wenyewe hawajakubaliana. Juni 2015 IATA ilitoa kipimo kimoja cha begi la kabati kwa dunia nzima, sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Watu wakapiga kelele kwamba ni kidogo kuliko mabegi waliyonayo, na baada ya siku chache tu mpango ukasimamishwa. Kipimo cha fizikia hakisimamishwi kwa kelele.

LAKINI MZANI SI ADUI

Hapa najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Kweli, wezi hawa, waondoe mizani!" Subiri kwanza.

Agosti 25, 2001, Aaliyah alimaliza kurekodi video Bahamas. Alikuwa na miaka 22, umri wetu. Yeye na watu wake walipanda ndege ndogo aina ya Cessna 402 pamoja na vifaa na mabegi. Ndege ilikuwa imezidiwa mzigo kwa mamia ya kilo. Iliinuka kidogo, ikaanguka karibu na uwanja. Watu tisa wakafa, pamoja na rubani. Uchunguzi ulimkuta rubani na makosa mengine mengi, lakini ule uzito ulikuwa pale.

Januari 8, 2003, Charlotte, Marekani. Ndege ya Air Midwest ilianguka mara tu baada ya kupaa, wote 21 wakafa. Kulikuwa na kosa la mafundi kwenye nyaya za mkia. Pia nyuma kulikuwa na uzito kupita kiasi, kwa sababu wastani wa abiria na mizigo uliotumika ulikuwa wa kizamani. Watu walikuwa wamenenepa, karatasi haikunenepa. Baada ya hapo Marekani ikapandisha zile namba.

Na Agosti 2010, hapo Congo, Bandundu. Ndege ndogo ilianguka ikikaribia kutua, watu 20 wakafa, mmoja akapona. Maelezo yaliyosambaa, yakitajwa kuwa ya huyo mmoja, ni kwamba mtu alikuwa ameficha mamba mdogo ndani ya begi la mkononi. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote kwa pamoja, ndege ikapoteza mizani yake. Mnaweza kucheka mara ya kwanza mkiisikia. Mara ya pili hamtacheka. Ni begi moja tu ambalo hakuna aliyelifungua.

So uzito ni kweli. Ndege za Dash 8 tunazoziona hapa zinabeba abiria 78. Kila mmoja akijificha na kilo 3 kama mimi, hizo ni kilo 234, watu watatu wazima wasio kwenye orodha. Ndege kubwa inaweza kuvumilia. Ya abiria kumi haiwezi. Ndiyo maana ukipanda zile ndogo za Wilson za kwenda Mara unaambiwa kilo 15, begi laini, na la mkononi likiwa ndani ya hesabu hiyohiyo. Na ndiyo maana Februari 2024 shirika la Finland, Finnair, liliwaomba abiria wa kujitolea wapande mzani na mabegi yao ya mkononi huko Helsinki, ili wapate wastani mpya. Hakuna aliyelipishwa, hakuna aliyetangazwa kilo zake. Miaka 90 na kitu baada ya Kisumu, mwili umerudi kwa mzani.

ZIWA HALINA KAUNTA

Sasa nirudi Mfangano, kwa sababu kuna kitu nilificha hapo juu.

Ile omena, kabla ifike kwa kaunta ya ndege, ilipanda boti. Kutoka kisiwani mpaka Mbita tulikuwa tumejaa. Kreti za soda tupu, magunia, pikipiki moja imelazwa kama mgonjwa, mama na kuku, watoto wa shule. Mwenye boti akaita, "Bado wawili!" wakaingia watano. Hakuna aliyepima begi langu. Hakuna aliyenipima mimi. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, zimefungwa kwa kamba pamoja, chini ya magunia. Maji yalikuwa yamebakisha kiganja kimoja tu yaingie.

Na mimi nilikuwa na furaha, watu wangu. Nilipiga hata video. Nilisema moyoni, hawa ndio watu poa, hawana maneno mengi kama wale wa ndege. Nililipa, nikashuka Mbita, nikavuka na feri mpaka Luanda Kotieno, nikaendelea na maisha.

Halafu siku mbili baadaye nikawa mkali kwa dada wa kaunta kwa sababu ya kilo 3.4.

Ziwa hili lina kumbukumbu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilitengenezwa kubeba watu 430. Hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 800. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara. Ilikuwa siku ya soko, watu wanarudi na mizigo yao. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Zaidi ya mara mbili ya wale waliopaswa kuwa ndani, na hao ni waliokufa tu.

Ziwa ni moja. Ziwa lile ambalo 1931 bwana mkubwa hakuweza kuruka juu yake bila kupanda mzani ndilo ambalo leo mama wa soko anavuka bila mtu kuhesabu hata kichwa chake. Angani kuna mzani kwa sababu wenye pesa waliruka angani. Majini hakuna, kwa sababu waliovuka majini ni sisi. Ni ileile stori ya mkeka wa mpagazi: kisichopimwa si kwamba ni chepesi. Ni kwamba anayeumia haandiki hesabu.

SASA?

Mimi sitaki mzani uondolewe. Nataka mambo matatu.

Moja, upime wote au usipime mtu. Kama mzee wa suti anapita na mabegi mawili, hiyo si usalama, hiyo ni dharau yenye risiti. Ukisikia "ni kwa ajili ya usalama", angalia foleni. Kama usalama unachagua nguo, si usalama.

Mbili, waseme ukweli ni sheria gani. Kama ni ya uzito wa ndege, sawa, tuambie, tutaelewa, sisi si watoto. Kama ni ya nafasi ya kabati, sema nafasi. Kama ni ya pesa, sema bei mapema, kwa herufi kubwa, mtu akinunua tiketi. Kinachouma kwa kaunta sio kulipa. Ni kugundua bei ukiwa umesimama mbele za watu na omena mkononi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: kelele zote tunazopiga mtandaoni kuhusu kilo 7, tuzipunguze nusu, na hiyo nusu tuipeleke ufukweni. Tudai boti ihesabiwe kabla haijatoka. Tudai jaketi ziwe kwa watu, sio chini ya magunia. Na tukiambiwa "bado wawili" wakaingia watano, tushuke. Najua ni ngumu. Boti inayofuata labda ni ya saa tisa, na mtu ana mgonjwa au ana soko. Hata mimi sikushuka, niliitabasamia kamera.

Ile video bado sijaiweka. Nilikuwa nimeipanga itoke Ijumaa na wimbo mzuri. Nimeitazama mara nyingi wiki hii, na kila mara macho yanaenda kwa ule upande wa boti, pale maji yamebakisha kiganja. Kuna mtoto amekaa hapo, ameweka mkono nje, anachezea maji bila hata kunyoosha mkono.

Jana Dani alipiga simu kuuliza kama omena ilifika. Nikamwambia ilifika, tumeila na ugali Nairobi. Akauliza kama wale watu wa ndege walinisumbua. Nikasema kidogo tu, walinipima. Akacheka. "Wakupime tu, nyakwara. Bora unifikie."

Anakuja Kisumu mwezi ujao, kliniki ya macho. Atapanda boti ileile. Na safari hii nitaenda kumchukua, nitasimama pale ufukweni, na nitahesabu vichwa mwenyewe, kwa sauti.

Wewe mara ya mwisho ulipanda chombo kilichojaa ukanyamaza, ilikuwa wapi? Niambie hapo chini. Na kama umewahi kuvaa jaketi tatu kwa kaunta, karibu kwenye chama.